Mwinuko Usio na Maji: Jinsi Tunavyojenga Ulimwengu Wetu wa Mchezo

Newala, mkoani Mtwara, iko juu, maji yako chini. Ukisimama ukingoni pale Shimo la Mungu, uwanda unakatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka mbele yako hadi upande wa Msumbiji. Mvua inanyesha juu kama kawaida, ila udongo wa kule ni wa kichanga. Unayanywa maji yote, na yanakuja kutokea huko chini kabisa, kwenye chemchemi za miguuni mwa mwinuko. Kabla mradi wa maji wa Makonde haujaanza kuyapandisha kwa pampu, kina mama walishuka na mitungi alfajiri, wakapanda nayo jua likiwa limeshakuwa kali. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Mgeni yeyote akiyasikia haya huuliza: sasa kwa nini watu waliamua kukaa huko juu?

Wanahistoria wana jibu lao. Karne ya 19 nchi hii ilipitiwa na wavamizi wa Kingoni na misafara ya watumwa iliyoelekea pwani, na vichaka vya juu ya uwanda vilikuwa vizito kiasi kwamba mgeni hapenyi bila kuonyeshwa njia. Watu walilipia usalama wao kwa kiu. Wazee nao wana jibu lao, na Mjerumani Karl Weule aliliandika alipopita huku mwaka 1906. Hapo zamani kulikuwa na mtu aliyeishi peke yake porini, haogi, hanyoi. Siku moja akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, akaipeleka kwake akaisimamisha. Kulipokucha, sanamu ilikuwa hai, ikawa mkewe. Wakaenda Ruvuma kuoga, mtoto wa kwanza akazaliwa maiti. Wakahamia bonde la Mbemkuru, wa pili naye akazaliwa maiti. Wakarudi juu hadi Mahuta, na wa tatu akaishi. Tangu hapo wazao wao wakausiwa wasikae mabondeni, kwani huko ndiko kwenye maradhi na kifo.

Nimeanza na Newala kwa sababu ndiko ulikoanzia ulimwengu wa mchezo ambao mimi na wenzangu tunaucheza hapa Mtwara mjini, Shangani, barazani kwa mmoja wetu, Jumamosi jioni. Kwa ambaye hajawahi kuuona: ni mchezo wa mezani wa kuigiza. Kila mchezaji anambeba mhusika mmoja, na mtu mmoja, msimulizi, anabeba yote yaliyobaki: nchi, hali ya hewa, maadui, wenye maduka, mizimu. Mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini. Pale ambapo hakuna anayejua itakuwaje, dadu inaamua. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na uliota kutoka kwenye michezo ya vita ya kupanga vikosi vya sanamu ndogo mezani. Asili hiyo bado inaonekana. Michezo mingi iliyofuata ina ngome za mawe, mapanga, majoka, mashimo ya chini ya ardhi yenye dhahabu, na kilabu cha pombe ambapo mashujaa hukutana na mzee mwenye ramani.

Sina ugomvi na majoka. Ninachokipinga ni imani kwamba ukitaka ulimwengu wa kwetu, kinachotakiwa ni kubadilisha mavazi tu. Nimeona kazi za namna hiyo: ngome inaitwa boma, panga linaitwa mkuki, jitu la kijani linaitwa zimwi, na kila kingine kimebaki vilevile. Mchezaji bado anaingia shimoni, anaua, anabeba dhahabu, anarudi kunywa. Majina yote ni ya Kiswahili na hakuna hata uamuzi mmoja uliobadilika. Kwangu mimi, ulimwengu unakuwa wa pekee pale unapomlazimisha mchezaji aamue jambo ambalo kwenye ulimwengu mwingine wala asingelifikiria. Basi mtungaji atafute jambo moja gumu la mahali, lile ambalo watu wa pale hawawezi kulikwepa, kisha aliache litawale kila kitu, hadi kwenye kanuni za mchezo.

Sisi tulichukua maji. Ulimwengu wetu unaitwa Mwinuko. Juu kuna usalama, mababu na mashamba. Chini kuna maji, na wafu wasiotulia. Kwenye karatasi ya kila mhusika kuna vibuyu vinne vilivyochorwa, na hivyo vinne ndivyo uhai wake, kwa maana ya kanuni kabisa. Kupanda mwinuko kunakula kibuyu kimoja. Kupigana mchana kweupe kunakula kimoja. Kuosha jeraha, kimoja. Uganga wowote unataka maji, hata ule mdogo kabisa wa kumwita ndege. Ukifika kwenye mji wa juu, hakuna atakayekuuliza umebeba silaha gani. Utaulizwa umekuja na maji kiasi gani, na jibu lako ndilo litakaloamua utalala ndani au nje ya mji.

Kanuni hiyo moja ilizaa mambo ambayo hakuna aliyeyatunga. Mji wa Mwinuko hauna ukuta, kichaka ndicho ukuta, na mwenye kuijua njia ya kichakani ndiye mlinzi wa mlango. Moto ndiyo silaha inayoogopwa kuliko zote, kwa kuwa hakuna wa kuuzima. Zawadi ya harusi ni safari za kushuka: bwana harusi anawaahidi wakwe zake mitungi kadhaa, na akifa kabla hajamaliza, deni linarithiwa na nduguze. Hilo la deni lilitoka kwa mchezaji, muuguzi mmoja mwenye akili kali sana ya mambo ya familia, na sasa ni sheria ya nchi.

Kuna kikao kimoja ninapenda kukisimulia kwa wageni. Wahusika watatu walikuwa wamemkamata mwizi kwenye chemchemi usiku, kijana aliyekuwa akitoboa mitungi ya watu. Walitakiwa wampeleke juu akahukumiwe. Wao watatu walikuwa wamebakiwa na vibuyu vitatu kwa ujumla, na njia ilikuwa ya kupanda. Chemchemi yenyewe ilikuwa imefungwa na mzimu hadi alfajiri, haichotwi. Kwenye mchezo mwingine mateka ni mzigo mdogo tu, unamfunga kamba na hadithi inaendelea. Hapa mateka alikuwa kibuyu. Fundi umeme wetu, ambaye mhusika wake ni mwindaji mkali asiyecheka, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Mpeni changu. Mimi nitapanda na kiu." Akachukua kalamu akakikata kibuyu chake mwenyewe kwenye karatasi. Hatukurusha dadu. Hatukuwa na vita kikao kizima, na watu waliondoka wakiwa wanabishana hadi barabarani kama alifanya sawa.

Baada ya maji, nikatafuta mali. Dhahabu niliiondoa mapema. Masimulizi ya kale ya Kilwa yanasema kwamba mfalme wa kwanza aliyetoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa mwenye nchi kwa nguo za kutosha kukizungushia kisiwa chote. Mwenye nchi akachukua nguo zake akavuka bara, huku akipanga kurudi na watu wake kukitwaa tena, kwani maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Wageni wakachimba pale pa kuvukia hadi bahari ikakitenga kisiwa moja kwa moja. Mapatano, hila na kazi ya majembe, vyote kwenye kisa kimoja! Na nguo kweli zilikuwa fedha huku kwetu kwa muda mrefu. Biashara ya bara ilihesabiwa kwa mikono na majora kuliko sarafu, ingawa masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba.

Kwa hiyo kwenye ulimwengu wetu mali ni nguo, inahesabiwa kwa mkono, doti na jora. Mchezaji wa mara ya kwanza haoni tofauti. Kisha mhusika wake analoana mtoni na jora lake linapungua thamani. Kisha analificha ardhini na mchwa wanalila. Kisha anapita kwenye mji akiwa amejifunga doti tatu, na kila mtu anamwona kuwa ni tajiri, pamoja na wale ambao hakutaka wamwone. Unaweza kumvika maiti mali yako, na inakwenda naye. Unaweza kumfunga jeraha rafiki yako kwa bei ya ng'ombe. Dhahabu haina hata moja ya hayo.

Niseme habari ya dadu, maana hili ninaliona kuwa ndilo bora zaidi tulilobuni. Dadu yenye pande 20 si kitu unachokikuta kwenye duka la vifaa vya shule Mtwara. Wengine hutumia programu ya simu. Sisi tulichukua korosho ghafi 20, zile zenye ganda, kavu na zisizo na ufa ili mafuta ya ganda yasiunguze vidole, tukaziandika namba 1 hadi 20 kwa kalamu ya wino mzito, tukazitia kwenye kifuko cha kitambaa. Unatia mkono, unatoa moja. Ukiirudisha kila mara, umepata dadu ya kawaida.

Lakini sisi haturudishi. Korosho iliyotoka inakaa mezani mbele ya wote hadi kifuko kitupu. Hapo bahati inabadilika tabia. Na dadu, kila mrusho umesahau uliopita, unaweza kupata 1 mara tatu mfululizo na kesho tena. Na kifuko, 20 iliyotoka haipo tena, na 1 ambayo haijatoka bado inamngoja mtu. Watu wanatazama meza na kuhesabu: zimebaki sita, nne kati yake ni mbaya, nani atatia mkono? Mwoga anakaa kando ili mwenzake azimalize zile mbovu. Shujaa anajitolea kutoa korosho kwenye jambo dogo, azichome namba mbaya kabla ya jambo kubwa. Jumla ni ileile kila mzunguko, 210, hakuna anayependelewa na hakuna anayeonewa, lakini mpangilio ni wa watu wenyewe.

Kifuko kikiisha, upepo unageuka. Hii ndiyo kalenda ya ulimwengu wetu. Mzunguko mmoja ni kaskazi, unaofuata ni kusi. Wakati wa kaskazi majahazi yanakuja kutoka pande za juu yakiwa na nguo, vyombo na habari. Wakati wa kusi yanaondoka, na asiyepakia kabla upepo haujakaza ameachwa hadi mwaka mwingine. Historia halisi iko humohumo: sababu mojawapo ya Kilwa kutajirika ni kwamba ilikuwa karibu na mwisho wa umbali ambao jahazi kutoka Arabuni liliweza kufika na kurudi ndani ya msimu mmoja. Dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, ilibidi ipite hapo. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifia mji ule. Mchezaji wetu asiyejua lolote kati ya haya anaujua upepo kwa vidole vyake, kwa jinsi kifuko kinavyokuwa chepesi.

Chakula sitakieleza sana. Kwenye michezo mingi wahusika hubeba "posho" isiyo na jina wala ladha. Kwetu mwenye njaa porini anachimba ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, na akichimba msimu usio wake hapati kitu.

Utani ndio uliochukua nafasi kubwa kuliko nilivyotegemea. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, wote huku wana watani wao, na kila msomaji aliyewahi kuhudhuria msiba huku Kusini anajua mtani ana kazi gani. Ndiye anayechukua kuku wako mbele ya macho yako, na huruhusiwi kukasirika. Ndiye pia anayekuja msibani kufanya kazi ambazo wafiwa hawaziwezi, na katikati ya kilio anamwigiza marehemu hadi watu wanacheka machozi yakiwa hayajakauka. Nilijiuliza, kuna ulimwengu gani mwingine wa mchezo wenye uhusiano kama huu? Huko kwingine kuna rafiki, adui, bwana na mtumishi. Mtani ni kitu cha peke yake.

Basi kila mhusika wa Mwinuko anachaguliwa mtani mmoja hapo mezani, kabla hata ya kuchagua silaha. Mtani anaweza kuchukua kitu chako kimoja kila kikao bila ruhusa, na ukinuna, unapoteza kibuyu. Ukianguka vitani ukabakiwa na uhai sifuri, hakuna mwingine anayeruhusiwa kukugusa isipokuwa yeye. Anasimama, anamsema marehemu mtarajiwa. Meza ikicheka, aliyeanguka anatoa korosho moja zaidi kabla hajahesabiwa kuwa amekufa.

Muuguzi niliyemtaja, mtani wake ni yule mwindaji wa fundi umeme. Siku mwindaji alipoanguka, amechomwa mkuki kwenye kivuko, dada huyu alisimama, akafunga kanga kiunoni, akapiga makofi: "Haya njooni mumwone mdeni wangu! Ana jora langu zima. Sasa amelala hapa anajifanya kafa ili asilipe. Mzee, fumbua jicho moja tu, nikuoneshe hesabu!" Barazani palikuwa na majirani waliokuja kuangalia tu, nao wakacheka. Korosho iliyotoka ilikuwa 17. Mwindaji akaamka, na deni lake likabaki palepale.

Kwenye uganga nilienda taratibu. Huku kwetu dawa ina miiko, na mwiko ndio nusu ya dawa. Kwa hiyo mganga wa Mwinuko hana orodha ya dawa za kutumia mara kadhaa kwa siku. Ana dawa chache, kila moja na mwiko wake unaomfunga muda wote: hali samaki, havuki maji ya bondeni jua likizama, halipi deni siku ya kwanza ya mwezi mwandamo. Akiuvunja, dawa ile haifanyi kazi hadi kifuko kigeuke. Wachezaji wanapenda kumtega mganga wa upande wa pili kwa miiko yake, na hilo linaleta upelelezi badala ya kurushiana mioto.

Watu wameniuliza kwa nini sikuiweka Majimaji, maana ni yetu na ilianzia hukohuko: Julai 1905, Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa dawa ya maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, vita vikaendelea hadi 1907, na Wajerumani walichoma vijiji na vyakula hadi njaa ikaua wengi kuliko risasi. Siwezi kuiweka kwenye mchezo dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Nikiifanya ifanye kazi, nimewaambia waliokufa kwamba walikosea masharti. Nikiifanya isifanye kazi, nimewacheka. Kwenye ulimwengu wetu hakuna bunduki, na sijuti.

Tendaguru niliiweka, kwa furaha kubwa. Kilima kile kiko Lindi, bara kutoka mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani alikutana na mifupa mikubwa imejitokeza ardhini, na kati ya 1909 na 1913 msafara wa jumba la makumbusho la Berlin ulichimba hapo na mamia ya vibarua wa kwetu. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Leo mnyama mmoja amesimamishwa Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyeijua mifupa ile kuliko wengi waliosoma, na mwaka 2007 mjusi mmoja mkubwa wa kale kutoka Tendaguru alipewa jina linalomkumbuka, Australodocus bohetii.

Kwenye Mwinuko kuna Kilima cha Mifupa. Hakuna joka hai. Kuna mifupa ya kitu kikubwa kuliko joka, na kuna nyumba ya wafanyabiashara ng'ambo inayoinunua kwa majora. Wahusika wanaajiriwa kama wapagazi. Mfupa mmoja unahitaji watu wanne, na kila mtu anahitaji maji ya njiani. Katikati ya safari msimulizi anawaeleza kwamba usiku, mzigo ulipotuliwa, mfupa ulionekana umegeuka kuelekea kilimani. Nini kifanyike, ni juu yao. Kundi moja liliuza. Kundi la vijana wa Lindi walioucheza kwa karatasi zangu waliurudisha, wakabaki na deni kwa yule mfanyabiashara, na mchezo wao wote tangu hapo umekuwa wa kumkwepa.

Kuna vitu sikuvigusa na sitavigusa. Ya likumbi, yaani jando, na ya unyago yana wenyewe. Mapiko, mcheza ngoma mwenye barakoa, anayecheza uwanjani kila mtu amemwona, na sanaa hiyo imeoneshwa hadharani hata kwenye tamasha la MaKuYa lililokutanisha ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao hapa Mtwara. Lakini yanayosemwa nyuma ya barakoa, nani ameivaa na kwa nini, hayo aliyefundishwa alifundishwa kwa masharti. Kwenye Mwinuko barakoa ipo na inatisha. Msimulizi haruhusiwi kueleza kilicho ndani yake, na mchezaji haruhusiwi kuuliza. Ni kanuni iliyoandikwa ukurasa wa kwanza, juu ya kanuni za vita.

Sasa hivi ninaandika mto. Ruvuma ni mpaka kwenye ramani, na watu wa kingo zote mbili ni ndugu, wana mashamba na makaburi pande zote. Mto wenyewe hautulii: vilima vya mchanga katikati yake vinahama, kisiwa ulichokilima mwaka huu mwakani kiko karibu na kingo ya pili. Nataka kila kifuko kinapoisha, pamoja na upepo, visiwa vya mtoni vichorwe upya na mchezaji aliyetoa korosho ya mwisho. Tatizo nililonalo ni mihogo. Muuguzi amepanda kwenye kisiwa cha upande wetu, kifuko kimebakiwa na korosho tatu, na anayefuata kutia mkono ni mtani wake. Jumamosi tutajua shamba liko nchi gani, na kama kanuni inamruhusu mtani kulihamisha kwa makusudi. Mimi naona inamruhusu. Muuguzi keshaanza kukusanya watu wa kunipinga.